Chokoleti za Lucy zimenivunja mbavu tena

Jana usiku nimerudia I Love Lucy, komedi ya TV ya Marekani, ile episodi ya 1952 ya kiwanda cha chokoleti. Jamani! Lucy na rafiki yake Ethel wanafunga chokoleti zinazopita kwenye mkanda, mkanda unashika kasi, kazi inawazidi. Mtazameni Lucille Ball, anayeigiza Lucy, usoni: mashavu yamejaa, macho yamemtoka, na mikono bado inasukumia chokoleti kwenye kofia na kifuani. Msimamizi anaingia, anaona zote zimefungwa, anafurahi na kuagiza mwendo uongezwe! Hapo ndipo ninapokufa. Waume zao kuhangaika na wali unaofurika jikoni? Sawa, ila kwangu wanachelewesha mambo tu.

Inayofuata ni ya Seinfeld, komedi nyingine ya Marekani, 1991, ile wanayosubiri meza kwenye mgahawa wa Kichina mwanzo mwisho. Wakubwa wa NBC, kituo cha TV kilichoirusha, hawakuipenda, eti hakuna kinachotokea. Mbona kinatokea kila kitu? Elaine na njaa yake, George na simu ambayo watu hawaiachii. Wanachoka, wanaondoka, mara jina linaitwa!

Fawlty Towers, komedi ya Uingereza ya hotelini, ina episodi 12 tu. Mimi na ile ya mwisho, panya ndani ya kopo la biskuti, mbele ya mkaguzi wa afya. Anayebisha aje.