Siku moja na farasi anayesukuma watu

Saa 12 asubuhi. Kabla sijafungua mlango wa banda, naita. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia wake na pale mbele ya paji la uso. Mtu akimtokea kwa nyuma kimyakimya, teke linatoka kabla mnyama hajajua ni nani.

Huyu ni dume aliyehasiwa, miaka minne, karibu kilo 500. Ameletwa kwangu kwa sababu anasukuma watu kwa kichwa. Mwenye farasi anasema ni mapenzi. Mimi sikubaliani naye: kundini, anayemhamisha mwenzake ndiye mkubwa. Basi nasimama na ndoo mpaka arudi nyuma hatua mbili, ndipo naiweka chini. Akishakula nafaka namwacha zaidi ya saa nzima. Kumfanyisha kazi ngumu tumbo likiwa limejaa ni kutafuta msokoto wa tumbo.

Saa 2. Kamba ya kuongozea siizungushi mkononi hata siku moja, naikunja na kuishika katikati. Farasi akikurupuka, kitanzi hukata vidole. Natembea usawa wa bega lake. Nikisimama, naye asimame; akipitiliza, namrudisha nyuma. Naikaza kamba kidogo, nasubiri, na akihamishia uzito nyuma tu, hata kabla ya hatua, naachia papo hapo. Wengi hudhani farasi hujifunza kwa kuvutwa. Hujifunza pale unapoachia. Akiinua kichwa kwa hasira nawe ukalegeza kamba sekunde ileile, umemfundisha kuinua kichwa, na kesho atakiinua zaidi. Kwa hiyo sipendi kufanya zoezi hili na mtu anayezungumza na simu.

Saa 3, kwato. Napapasa kuanzia begani nikishuka mguuni, nimesimama ubavuni na kuelekea mkia. Anatoa mguu vizuri. Tunaendelea.

Saa 4, tandiko. Ukanda wa tumboni naukaza kidogo kidogo, namtembeza, kisha nakaza tena. Leo amelaza masikio na kugeuza kichwa kana kwamba atauma. Kabla ya kumwita mkaidi nakagua mgongo, ngozi chini ya ukanda na jinsi tandiko linavyokaa. Farasi mwenye maumivu hafundishiki adabu, anatibiwa. Nakuta tope limegandia chini ya ukanda. Nasugua, nakaza upya, masikio yanarudi mbele.

Halafu kazi ninayoithamini kuliko zote: kusimama tuli mtu anapopanda. Mpandaji mwenye mguu mmoja kwenye kikuku, pale pa kukanyagia, na mwingine hewani hana pa kujishikilia farasi akiondoka. Naweka mguu, anasogea. Nashuka, namrudisha palepale. Naegemea tandiko, ametulia. Naondoka kabisa, namwacha apumue. Baadaye napanda, nakaa bila kumwambia aende. Wapandaji wengi humwondoa farasi wakati makalio ndiyo kwanza yamegusa tandiko, kisha wanalalamika kwamba hasimami.

Saa 5, nikiwa juu. Sitafuti mbio. Nataka ageuze shingo kulia na kushoto kwa hatamu moja, kwa sababu farasi aliyekunja shingo ni vigumu kuchomoka shoti. Matembezi, kusimama, telki fupi, yaani mbio ndogo, kusimama. Anasimama vizuri kabla hajachoka, basi nashuka hapo hapo.

Mchana ni kivuli, maji na majani.

Saa 10 mwenye farasi anakuja, mkono mfukoni, ana karoti. Farasi anamfuata na pua.

“Mwalimu, si umesema ametulia?”

“Kwangu, ndiyo. Weka karoti kwenye ndoo, kisha mrudishe nyuma.”

Anasita, anakaza kamba, anasahau kuachia. Namshika kiwiko na kumwonyesha. Farasi anarudi hatua moja, kichwa chini. Kesho tunamzoesha pikipiki, kwanza injini ikiwa imezimwa, na kamba ataishika mwenyewe.