Mitingi ya Japani inaanza kabla ya mitingi

Mwezi wa pili tu tangu nianze kazi Tokyo nilipeleka pendekezo langu kwenye mitingi. Slaidi safi, namba nimezihakiki mara tatu, na kila nikisema kitu wakubwa wanatikisa kichwa "hai, hai", na darasani tulifundishwa hai ni ndiyo, basi nikajua limepita. Mwishoni meneja akasema "kentō shimasu", yaani tutalitazama. Wiki ikapita, ya pili ikapita, mwezi mzima kimya. Ndo senpai wangu (aliyekutangulia kazini, na kule senpai ni mtu wa maana kweli, yeye ndo anakulea) akaniita pembeni akaniuliza swali moja tu, kabla ya mitingi uliongea na nani? Nikamwambia sikuongea na mtu. Akanyamaza kidogo, akasema, basi ndo hapo.

Kama unaenda kufanya kazi Japani shika hili kabla ya mengine yote. Watu wanahangaika sana na kuinama, nyuzi ngapi, sekunde ngapi, na kuinama utajifunza kwa kuangalia wenzako wiki mbili tu. Kinachomkwamisha mgeni ni kutojua kwamba uamuzi haufanyiki mezani. Wanaita nemawashi, neno la watunza bustani, maana mti mkubwa ukitaka kuuhamisha unaanza mapema kuchimba kuuzunguka, unakata mizizi kidogo kidogo ili iote midogo mipya, siku ya kuung'oa haufi. Kazini ni vilevile, unapita kwa kila mtu ambaye jambo lako litamgusa, mmojammoja, taratibu, unamsikiliza wasiwasi wake, unarekebisha, unarudi tena. Siku ya mitingi hakuna anayeshtuka na hakuna anayeaibishwa mbele za watu. Mi nilikuwa nimewashtua wote kwa mpigo.

Na ile "hai" kumbe maana yake nakusikia, endelea. Kukataa kwenyewe hakuji kwa neno hapana. Mtu anavuta pumzi kupitia meno, anainamisha shingo pembeni, anasema "chotto…", yaani kidogo, halafu sentensi inaishia hewani, au anakwambia "muzukashii desu", ni ngumu kidogo. Hiyo si ngumu ya kukutaka uongeze bidii, hiyo ni hapana kamili, ishike hapohapo usimlazimishe aitamke.

Kadi za biashara, meishi, nazo usizichukulie poa. Unatoa kwa mikono miwili, maandishi yanamwelekea anayepokea, unataja jina lako na kampuni, ya mwenzako unaipokea kwa mikono miwili unaisoma kweli, halafu mkikaa unaipanga mezani mbele yako kufuata walivyokaa. Usiandike juu yake, usiitie mfuko wa nyuma wa suruali. Viti navyo vina wenyewe, wa heshima anakaa mbali na mlango, kwahiyo subiri uonyeshwe pa kukaa.

Halafu kuna hōrensō. Ni ripoti, taarifa na kuomba ushauri (hōkoku, renraku, sōdan) vimefupishwa pamoja, na linatamkwa sawasawa na jina la spinachi ndo maana halisahauliki. Kosa likitokea sema saa hiyohiyo. Mgeni anataka alitatue kwanza kimyakimya ndo aseme, na kwa bosi wa Kijapani ule ukimya ni mbaya kuliko kosa lenyewe.

Kitu ambacho sikipendi na sitakisifia ni kukaa ofisini kisa tu bosi hajatoka. Tangu Aprili 2019 sheria imeweka kikomo, ovataimu masaa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka kwa hali ya kawaida (kampuni ndogo zilianza 2020), na kule wana neno kabisa, karōshi, kufa kwa kazi, na ni watu wenye familia waliokufa hivyo. Kazi yako ikiisha simama, sema "osaki ni shitsurei shimasu", samahani nawatangulia, wao watakujibu "otsukaresama deshita", yaani pole na kazi, nenda nyumbani.

Lile pendekezo nililianza upya. Nilizunguka kama wiki tatu, mzee mmoja wa uhasibu peke yake nilienda kwake mara nne, na ukweli alinionyesha gharama ambayo sikuwa nimeiona kabisa, pendekezo likawa zuri kuliko la kwanza. Mitingi ilichukua dakika kumi. Baada ya hapo fomu ya ringi (ya kuidhinisha pendekezo, kila mhusika anapiga muhuri wake) ikaanza kuzunguka meza kwa meza ikikusanya mihuri, na iliporudi kwangu ilikuwa na mihuri sita myekundu, ule wa yule mzee umelala kidogo upande wa kushoto kuelekea wa mkurugenzi. Nikadhani mkono ulimteleza. Senpai akaniambia hapana, anauinamisha hivyo makusudi, ni muhuri unamwinamia mkubwa wake.