Nilivyoacha 20W-50 na kuhamia 5W-30 kwenye IST yangu

Toyota IST yangu niliinunua mkononi mwa mtu hapa Dar, na chini ya boneti kulikuwa na kikaratasi cha fundi kimefungwa kwa waya: 20W-50, yaani uzito wa oili ya injini, na kilomita za kumwaga oili. Fundi wangu alipokiona akakubaliana nacho. "Dada, hapa kwetu joto, halafu gari imeshatembea. Iwekee nzito tu, injini itulie." Maneno hayo utayasikia Gerezani, Tegeta, Buza, popote penye jeki na turubai. Nami nisingehangaika nayo, ila kila asubuhi nikiwasha gari, injini ilikuwa inalia kama cherehani kwa sekunde kadhaa ndipo inatulia.

Kabla ya kwenda dukani nikataka kuijua injini yenyewe. Kibati kilisema NCP61, yaani IST ya toleo la kwanza, lile la 2002 hadi 2007, yenye injini ya 1NZ-FE ya lita moja na nusu. Injini hiyo hiyo imo kwenye Probox, Raum na Vitz kadhaa, kwa hiyo ninayoyasema yatawahusu wengi. Ina VVT-i, na hapo ndipo uzito wa oili unapoacha kuwa suala la kulainisha vyuma peke yake. Presha ya oili ndiyo inayosukuma ule mtambo unaowahisha au kuchelewesha kufunguka kwa valvu, na inapita kwenye vitundu vyembamba na kichujio kidogo sana. Kifaa kinachokaza cheni ya taimingi nacho kinategemea presha hiyo hiyo. Gari likilala usiku kucha, oili nyingi inashuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na asubuhi pampu inapaswa kuirudisha juu upesi.

Kitabu cha gari kilikuwa kwenye droo ya dashibodi, cha Kijapani mwanzo mwisho. Nikapiga picha ukurasa wa oili na kuutafsiri kwa simu, ingawa hata bila tafsiri namba zinasomeka: 5W-30 ilikuwepo, 20W-50 haikuwepo. Nimtetee fundi kidogo hapa. Vitabu vya Corolla za zamani zilizouzwa nchi za joto vilikuwa na jedwali pana, na 20W-50 ilikuwa mojawapo ya oili zilizoruhusiwa. Mafundi wengi walijifunza kazi kwenye magari hayo. Kwa hiyo 20W-50 haiui injini kama wanavyotishana watu mitandaoni.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya joto. Kila mtu anaamini kwamba gari la Japani limetengenezwa kwa baridi, likifika Dar linahitaji oili nzito. Lakini Tokyo mwezi wa nane hupita nyuzi 35, wakati sisi hapa hata Januari na Februari mara nyingi tunaishia 32 au 33. Halafu injini ikishapata moto haijali sana uko wapi. Thamostati ya 1NZ-FE, ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, hufunguka maji yakifika kama nyuzi 82, na kazi ya rejeta na feni ni kuhakikisha joto halipandi ovyo kutoka hapo. Foleni ya Ubungo na AC imewashwa itaongeza kidogo, sikatai, lakini siyo kiasi cha kuruka madaraja mawili ya uzito.

Na kutoka 30 kwenda 50 ni madaraja mawili kweli. Namba ya nyuma inapimwa oili ikiwa nyuzi 100. Kwa vipimo vya SAE, oili ya 30 huwa kati ya 9.3 na 12.5 sentistoksi (kipimo cha mnato), ya 40 inaanzia hapo hadi 16.3, na ya 50 inatoka 16.3 kwenda karibu 22. Namba ya mbele yenye W ni ya baridi: 20W hupimwa jinsi inavyoruhusu injini kuzungushwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Fundi akacheka nilipomwambia. "Sasa Dar itapata barafu lini?" Haitapata. Ila ukisoma karatasi za watengenezaji, kwenye nyuzi 40, joto ambalo injini inalipita dakika za mwanzo tu baada ya kuwashwa, 5W-30 ya kawaida huwa na mnato wa kama 60, na 20W-50 huvuka 150. Kwa injini, hata asubuhi ya Dar ni baridi.

Nikaamua 5W-30 ya sinthetiki, yenye alama ya API SP, daraja la injini za petroli lililotoka 2020. Ukikuta SN, ya 2010, nayo inaifaa injini hii vizuri. Kilichonichosha ni kutafuta duka ninaloliamini, maana dumu zuri siyo ushahidi wa kilichomo. Mimi hununua kwa wakala anayetoa risiti, na dumu tupu nalitoboa kabla ya kulitupa, lisije likajazwa oili feki.

Siku ya kubadilisha nilisimama palepale. Oili ilimwagwa injini ikiwa ya moto, filta ikabadilishwa. Fundi akataka kumimina dumu lote la lita nne. Hapana. 1NZ-FE inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, na oili ikizidi inaweza kuchapwa na shafti hadi ikatoa povu. Kilichobaki kikaenda kwenye buti.

Mlio wa asubuhi ulipungua sana. Haukuisha, injini ina zaidi ya kilomita laki moja na nusu, lakini sasa nikiwasha unapita hata sijafunga mkanda. Mafuta? Labda kidogo, sikuona cha kusimulia; wanaosema utaokoa hela nyingi wanatia chumvi.

Nilichokiogopa mimi ni oili nyepesi kushindwa kazi ngumu. Ndiyo maana safari ya Njombe mwezi wa saba, gari limejaa watu na mizigo, niliichukua kama mtihani. Baada ya kupanda mlima Kitonga nilisimama pembeni na kuiacha injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, macho kwenye taa ya oili. Ikimeta pale, maana yake presha iko chini, na bearingi huenda zimelika. Haikumeta. Asubuhi ya Njombe, kwenye baridi inayotoa moshi mdomoni, iliwaka mara moja.

Tangu hapo ninavuta stiki ya kupimia oili kila wikiendi, gari likiwa limelala na liko sehemu tambarare. Namwaga kila kilomita 5,000, na hadi kufika hapo oili huwa bado iko karibu na alama ya juu. Siku nikiona inashuka nusu ya stiki kabla ya muda, nitakagua kwanza kama inavuja, kisha nitapanda daraja moja, 5W-40 au 10W-40, siyo kurukia 50.

Kaka yangu ana Corolla 110 inayotoa moshi wa bluu, na 20W-50 imempunguzia moshi huo. Sikumshauri aiache. Pale tatizo ni ringi au sili za valvu, oili nzito inamnunulia muda tu wa kukusanya hela ya kufungua injini, naye anajua hivyo.