Sifuri Iliyotoka Angani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni Ayubu 23:8: "Tazama, naenda mbele, wala hayuko, Narudi nyuma, lakini siwezi kumwona."

Usiku wa tarehe 31 Januari 1958, Marekani ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Explorer 1, kutoka Cape Canaveral. Ilikuwa na uzito wa kilo 14 hivi tu. Ndani yake kulikuwa na kihesabio cha Geiger cha James Van Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, waliotaka kupima mionzi inayotujia kutoka anga za mbali. Setilaiti ilipopita karibu na dunia, kihesabio kilisoma kama walivyotarajia, chembe 30 hivi za mionzi kwa sekunde. Ilipopanda zaidi ya kilomita 2,000, kikasoma sifuri.

Ni rahisi kusema chombo kimeharibika, au huko juu hakuna kitu. Lakini Explorer 3, iliyorushwa tarehe 26 Machi mwaka huohuo, ilibeba kinasa kidogo cha utepe kilichohifadhi vipimo vya mzunguko mzima. Utepe ulionyesha hesabu ikipanda, ikizidi kupanda, kisha ikianguka ghafla hadi sifuri. Setilaiti iliposhuka, hesabu ikarudi. Carl McIlwain, mwanafunzi wa Van Allen, alikijaribu kihesabio cha aina ileile kwa mashine ya eksirei. Mionzi ilipokuwa mikali mno, nacho kilisoma sifuri.

Kila chembe inapopiga, mrija wa Geiger ulio ndani ya kihesabio hutoa mpigo wa umeme, kisha huhitaji kitambo kifupi sana ili urudi katika hali yake. Chembe zikimiminika bila kuupa nafasi hiyo, mipigo hudhoofika hata isihesabike. Ile sifuri ilitokana na wingi. Tarehe 1 Mei 1958 Van Allen alitangaza kwamba dunia imezungukwa na chembe nyingi zilizonaswa na sumaku yake. Leo tunaiita mikanda ya Van Allen.

Nimekaa na habari hii nikimsoma Ayubu. Anatafuta mbele, nyuma, kushoto, kuume, na kila upande haoni kitu. Hata hivyo haandiki "hakuna Mungu". Anakumbuka yaliyotangulia ukimya ule, jinsi alivyoyashika maneno ya kinywa chake Mungu, na katika mstari wa 10 anathubutu kusema, "Lakini yeye aijua njia niiendeayo." Kwangu mimi hiyo ndiyo imani yenyewe. Haoni, wala hajifanyi kuwa anaona, na bado anaongea habari za Mungu kama aliye karibu.

Naomba tuwe waangalifu hapa. Tusimwendee aliyefiwa na mtoto tukamwambia kwamba utupu anaousikia ni baraka tele asizoweza kuzipima. Rafiki zake Ayubu walikuwa na maelezo ya kila kitu, na Mungu aliwakasirikia. Afadhali zile siku saba walizokaa naye chini wasiseme neno.

Juma hili tusome sura ya 23 yote, kwa sauti, nyumbani. Na tuwataje kwa majina katika maombi wale wapendwa wetu walioacha kuja ibadani kwa sababu wameomba muda mrefu na hawasikii kitu. Atakayeweza, ampitie mmoja wao kabla ya Jumapili.