Huyu Ana Njaa Tu

Mvua tuliikemea mara tatu na ikanyesha vilevile. Mara ya kwanza ni Ijumaa usiku kwenye maombi, mara ya pili saa 11 alfajiri tukiwa getini, na mara ya tatu ni kule Boma, kabla njia haijaanza kupanda, ambapo kaka mmoja wa kwaya aliunyoosha mkono kuelekea kilele cha Bondwa akaliamuru wingu lirudi lilikotoka. Lilikuwa limetoka hukohuko. Mwezi wa nne, masika, milima ya Uluguru: kama kuna mahali mvua ina haki ya kunyesha bila kuuliza mtu, basi ni pale.

Leo ni Jumanne usiku. Goti la kulia bado limevimba, raba zangu ziko nje ya dirisha la bweni zimeganda udongo mwekundu, na nimeona niandike kabla sijaanza kuipamba hii habari. Najijua. Nikisimulia jambo mara tatu linakuwa mahubiri.

Tulikuwa 23. Mimi ndiye katibu wa ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo, kwa hiyo tangazo la safari niliandika mimi kwenye grupu: nauli, kiingilio cha hifadhi, pesa ya mwongozaji, raba, koti la mvua, maji lita moja na nusu, Biblia. Kichwa cha safari, "Kupanda hadi Uweponi". Na mwishoni kabisa nikaongeza mstari ambao hakuna aliyeniagiza: "Ijumaa wapendwa wote tufunge kwa ajili ya safari." Niliona umekaa vizuri. Katika grupu la maombi nani atasimama apinge kufunga? Zikashuka "Amina" moja baada ya nyingine, na mimi nikajisikia kiongozi. Ijumaa saa 2 usiku tukafungua kwa chai na vipande viwili vya mkate kila mtu, maana kantini ilikuwa imeshafungwa.

Kwa asiyeijua Morogoro, mji wenyewe uko chini, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Wenyeji wanauita mji kasoro bahari, na ukisimama barabarani jioni ukaitazama ile milima ilivyosimama nyuma ya mapaa, unawaelewa. Bondwa, chenye minara ya mawasiliano inayoonekana siku wingu likiondoka, kinapita mita 2,000. Wala si kilele kikubwa kuliko vyote. Kimhandu, upande wa kusini, kinapita mita 2,600, ila huko hatukuthubutu. Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa kupanda zaidi ya mita 1,500 kwa asubuhi moja, kwa nguvu ya vipande viwili vya mkate. Hiyo hesabu sikuipiga.

Baba mlezi wa ushirika alinipa kazi ya kuwa wa mwisho. "Wewe utafunga mlango," alisema. "Asibaki mtu nyuma yako." Nikaitikia ndiyo baba, huku moyoni nimenuna. Nilitaka kuwa mbele. Waliotangulia walikuwa wamepanga kufika kileleni mapema wapate saa nzima ya maombi, na mimi nilikuwa na mambo yangu matatu ya kumpelekea Mungu juu kabisa, kana kwamba huko mtandao unashika vizuri zaidi. (Minara ipo, lakini si ya kazi hiyo.)

Njia ya kupanda Bondwa kupitia Morningside alfajiri si ya wapanda milima. Ni njia ya Waluguru kwenda sokoni. Wanashuka tangu giza, akina mama wengi na vijana wachache, tenga kichwani limejaa karoti au kabichi, mikungu ya ndizi, stroberi kwenye vikopo vya plastiki. Njia ni nyembamba, na adabu ya pale ni kwamba asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Tukawa tunapisha, tunapisha, "shikamoo mama, shikamoo bibi", migongo yetu kwenye majani yaliyolowa. Wengi wao walikuwa peku. Nilimtazama mmoja akipita mahali ambapo wenzangu wawili wenye raba walikuwa wameshaanguka. Vidole vya miguu vilitanuka, vikauma udongo, mguu ukatulia, kisha mwingine ukafuata. Shingo haikutikisika. Tenga lile mimi nisingeweza hata kujitwisha.

Baada ya saa moja na nusu, dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliyekuwa mbele yangu akaanza kusimama kila baada ya hatua kumi. Halafu tano. Waliotangulia tulikuwa hatuwasikii tena. Mapambio yao yalikuwa yameshamezwa na ukungu. Akasema, "Kaka katibu, kichwa kinazunguka." Nikamwambia tukaze mwendo, Bwana atatutia nguvu. Mbele kidogo akakaa kwenye jiwe, midomo imepauka, mikono inatetemeka. Na mimi, Mungu anisamehe, wazo la kwanza kunijia lilikuwa kwamba kilele ndio kinanipita hivyo.

Nikamwambia, "Mpendwa, hiyo ni roho ya uchovu. Tuombe."

Niliomba kwa muda mrefu. Nilimwekea mkono kichwani, nikafunga macho, nikafunga na kufungua, nikaisambaratisha kila hila iliyopangwa dhidi ya safari. Sauti yangu ilikuwa imepanda vizuri. Nilipofumbua macho niliona miguu miwili peku imesimama mbele yetu. Alikuwa bibi mmoja mwenye tenga la magimbi na karoti kichwani, kanga imelowa hadi kiunoni. Tulikuwa tumeziba njia. Alikuwa amesubiri pale, na mzigo wote ule, mpaka nimalize.

"Amina," akasema. Kisha akamtazama yule dada, akanitazama mimi. "Huyu ana njaa tu."

Akaniashiria nimsaidie kutua. Lile tenga lilipofika mikononi mwangu magoti yaliniinama. Bibi akachuchumaa, akafungua fundo la kanga, akatoa kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na magimbi matatu ya kuchemsha, bado yana uvuguvugu wa mwili wake. Alilimenya la kwanza kwa kucha ya dole gumba, taratibu, ganda likawa linatoka kama soksi, akampa dada mkononi. "Kula polepole. Usinywe maji mengi kwanza." Akamenya la pili. La tatu akataka kunipa mimi, nikakataa, nikasema mimi niko sawa. Akalirudisha kwenye jani bila kubishana.

Akauliza, "Mnakwenda wapi?"

"Bondwa, bibi."

"Kuna nini?"

"Tunakwenda kusali."

Akafikiri. "Kwani chini hapasaliki?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama bomba la kwetu limeharibika. Jibu nilikuwa nalo, la dakika ishirini, lina Musa ndani yake na mlima Sinai. Sikulitoa.

Ngoja niseme na hili, maana ndilo linaloniuma. Kwenye begi langu kulikuwa na vipeperushi vya injili zaidi ya hamsini. Tulipatana tuwagawie wenyeji njiani. Mkono wangu ulikwenda hadi kwenye zipu. Yule bibi alikuwa anaifunga kanga yake, gimbi moja limebaki kati ya matatu ya chakula chake cha siku, na mimi nikataka kumpa karatasi inayomuuliza kama anajua atakakokwenda. Mkono ukarudi. Nikamtwisha tenga, akaliweka sawa juu ya ngata, akasema "nendeni salama wajukuu zangu", akashuka. Hadi leo sijui kama ni Mkristo au Mwislamu. Kule milimani wapo wote.

Dada alipata rangi kwa dakika kama kumi na tano. Tukasogea polepole hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya Wajerumani ya enzi za ukoloni, tukaamua kubaki. Wenzetu walifika juu saa saba. Hawakuona mji, hawakuona chochote. Ukungu na minara. Walisali, waliimba, na naamini Mungu aliwasikia.

Sisi tulikaa tunasikiliza maji. Uluguru una vijito kila mahali, na yale maji yanakwenda mbali: yanaingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Nimezaliwa Kimara. Zaburi ya 121 nimeiimba tangu Shule ya Jumapili, nikiyainua macho kuitazama milima ambayo Kimara haipo, na siku zote nikidhani ile milima ni lugha tu ya mshairi. Kumbe mwaka 2022 Ruvu ulipopungua, jiji likaingia kwenye mgawo, na mama yangu akawa anaamka saa 9 usiku kupanga madumu, msaada tuliokuwa tunaungoja ulikuwa unatoka hapa nilipokaa. Najua zaburi inasema msaada u katika Bwana, si katika milima. Lakini Bwana ameupitishia hapa, katikati ya mashamba ya karoti ya akina bibi, nasi tulipita tukiwa na haraka.

Mwongozaji wetu, kijana Mluguru mwenye maneno machache, alituambia wakati wa kushuka kwamba Waingereza waliwahi kuwalazimisha wazee wao kuchimba matuta kwenye miteremko hii, na mwaka 1955 watu wakagoma hadi ghasia zikazuka kule Matombo. Pengine matuta yangefaa, sijui, mimi si mtu wa kilimo. Nilibaki nafikiria tu kwamba watu wa hii milima wamewazoea wageni wanaopanda na maelekezo yao mkononi.

Na Eliya. Habari ya Eliya na Horebu nimeihubiri si chini ya mara nne. Kila mara naanzia kwenye upepo mkubwa, tetemeko, moto, halafu ile sauti ndogo, hapo kanisa linanyamaza na mimi naishusha sauti yangu pia, naifurahia. Nyuma ya hapo kuna mtu amelala chini ya mretemu anaomba afe, na malaika anakuja. Malaika hamkemei. Hampi hata neno la kutia moyo. Anamwambia inuka, ule, na kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa, akala mara ya pili. Hiyo sehemu huwa naisoma haraka.

Jumapili jioni ukawa wakati wa shuhuda. Wa kwanza kusimama alisema Mungu aliizuia mvua kileleni kwa dakika kumi. Wa pili alisema kumi na tano. Dada wa mwaka wa kwanza akasimama, akasema, "Mimi namshukuru Mungu, nilikuwa na njaa nikapewa magimbi," akakaa. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Baba mlezi hakucheka. Alinitazama. Nikasimama nikawaambia ile funga ilikuwa ya kwangu, sikuagizwa na mtu, na kwamba dada aliposema kichwa kinazunguka nilimpa maombi wakati begini nilikuwa na pakiti ya biskuti. Ndiyo, ilikuwemo. Niliiweka kwa ajili ya kileleni.

Leo asubuhi sikuwa na kipindi, nikaenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nilizunguka upande wa mboga hadi wauzaji wakaanza kuniuliza natafuta nini. Natafuta bibi mwenye magimbi. Wakacheka, maana wenye magimbi walikuwa wengi tu, na mabibi pia. Sikumwona. Nikanunua fungu moja, nikayachemsha kwenye jiko la jirani, nikazidisha chumvi. Mawili nimekula, yaliyobaki nimeyafunika na sahani hapa mezani, na mwenzangu wa chumba ameshauliza mara mbili ni ya nani.