Nilivyowapatanisha Doa na Karafuu

Doa na Karafuu ni paka ndugu wa tumbo moja. Nilipewa wakiwa wadogo kiasi cha kuenea wote wawili kwenye kapu la sokoni, wakakulia hapa kwangu Tanga, wakila sahani moja na kulambana masikio kila jioni. Kwa hiyo alfajiri ile niliposikia vurugu sebuleni, nilidhani kuna mnyama wa nje kaingia. Nikakuta Doa kambana Karafuu pembeni ya kochi, manyoya yanapeperuka. Doa huyu ni jike mpole, watoto wakimchokoza huinuka tu akaenda zake. Sasa masikio yalikuwa yamelala kichwani, mboni zimetanuka hadi macho yamekuwa meusi tii, mkia umefura kama brashi ya chupa. Niliposogea akanigeukia mimi, akanizamisha meno juu ya kifundo cha mguu, kisha akarudi kwa ndugu yake.

Nilichukua mto wa kochi nikauingiza katikati yao, nikamsukuma Doa kwa mto huo polepole hadi chumba cha wageni, nikafunga mlango na kushusha pazia. Mikono sikuitumia. Paka aliye katika hali ile hamtambui mtu, hata yule anayemlisha. Karafuu nilimkuta amejibana nyuma ya friji, amejikojolea.

Kidonda kwanza. Wapo wanaopuuza jino la paka kwa kuwa linaacha tundu dogo tu lisilotoa damu nyingi. Udogo huo ndio hatari yake: jino ni jembamba, linaingia ndani, ngozi inajifunga juu, na vijidudu vya mdomoni vinabaki chini. Mguu au mkono unaweza kuvimba na kuwaka moto kabla saa 24 hazijaisha. Niliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, nikitazama saa, halafu nikaenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sababu kubwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo upo kwetu, na ingawa watu wengi huupata kwa mbwa, paka naye huambukizwa na akamwambukiza binadamu. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemea. Nilibeba kadi ya chanjo ya Doa. Hata hivyo walinianzishia sindano, wakanipa na dawa ya kuzuia kidonda kuoza, wakaniambia paka afungiwe na kutazamwa siku 10. Akibaki mzima, sindano zilizobaki zitasitishwa. Alibaki mzima.

Mchana shangazi akaja na rai yake. "Mwanangu, huyo paka kaingiliwa na kitu. Msomee, kisha mtie kirobani umpeleke soko la samaki la Deep Sea, samaki hatawakosa."

"Kumsomea nitamsomea, shangazi," nikamjibu, "ila kumtupa simtupi."

Najua aliongea kwa kunihurumia, na mguu wenyewe alikuwa anauona. Lakini jambo hili la kuwatia paka kirobani na kuwamwaga sokoni linaniuma. Pale mwaloni kuna paka wenye maeneo yao, wanayalinda kwa makucha. Paka wa ndani akimwagwa pale haokoti samaki, anaanza kwa kupigwa, na wengi hawafiki mbali. Tena anatupwa kwa kosa ambalo hakuna aliyekaa akalitafutia chanzo.

Daktari wa mifugo alikuja nyumbani, na hilo lilisaidia kwa sababu paka akitoka kliniki hurudi na harufu ngeni, na harufu hiyo peke yake inaweza kumfanya mwenzake asimtambue akamrukia. "Dada, tabia baadaye," aliniambia. "Tuanze na maumivu." Alimfungua Doa mdomo akatazama fizi na meno ya nyuma, akambonyeza tumbo na kibofu, akampapasa mgongo, viungo vya miguu, na shina la mkia, mahali ambapo jipu la kung'atwa hujificha chini ya manyoya. Akaniuliza kama anakula, kama anakunywa maji kupita kawaida, kama anachuchumaa kwenye mchanga bila kutoa mkojo. Paka mzee aliyevuka miaka kumi, anayekula sana huku anakonda, huenda amekuwa mkali kwa sababu ya tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Paka dume anayejikamua mkojo usitoke ni wa kukimbizwa kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Akanisihi pia kwamba hata nikimwona paka anaumwa nisimpe Panadol: kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua.

Doa hakuwa na kitu. Hapo ndipo daktari akauliza swali lililofungua kila kitu: "Kabla hajamrukia mwenzake, alikuwa amekaa wapi, na alikuwa anatazama nini?"

Mahali pake pa kulala ni kwenye kizingiti cha dirisha la sebule, dirisha la nondo na wavu wa mbu linalotazama uchochoro. Nikatoka nje kukagua. Ukuta chini ya dirisha ulikuwa na michirizi ya manjano, na ile harufu kali ya mkojo wa dume asiyehasiwa ilinipiga kabla sijainama. Kesho yake niliamka kabla ya adhana, nikakaa gizani. Hakukawia. Paka shume, rangi ya chungwa, kichwa kipana, sikio moja limechanika, akapanda juu ya karo la kufulia na kusimama uso kwa uso na dirisha, akaanza kile kilio chao cha chini kinachopanda na kushuka. Alikuwa anafuata vichwa vya samaki vilivyotupwa uchochoroni na jirani yangu anayekaanga samaki jioni.

Daktari akanieleza kwamba hasira ya namna hii ni ya kuhamishwa. Paka anaona adui, mwili wote unajiandaa kupigana, wavu unamzuia, halafu kitu cha kwanza kinachosogea karibu yake kinapokea yote. Alfajiri ile alikuwa Karafuu, kisha mguu wangu. Na damu ikishachemka hivyo haitulii kwa dakika chache. Huchukua saa kadhaa, na kwa baadhi ya paka siku nzima au zaidi. Kumchapa kunaongeza moto. Mume wangu alikuwa tayari ameshika kandambili. Nilimwomba aiweke chini, naye akaiweka.

Dirisha nililishughulikia siku hiyo: karatasi nzito nusu ya chini, kizingiti nikakijaza vyungu vya maua asipate pa kukaa, ukuta nikausugua kwa siki na maji. Jirani nilimfuata na kumwambia ukweli wote, mguu akauona, akakubali mabaki yake ayafunge kwenye ndoo yenye kifuniko. Yule shume tulimnasa kwa mtego wa kuazima, daktari akamhasi na kumchanja, tukamwachia pale pale uchochoroni. Bado yupo, lakini zile kelele za alfajiri zimekwisha na ukuta haunuki tena.

Kazi ngumu ilibaki ndani ya nyumba. Karafuu sasa alikuwa akisikia tu hatua za Doa nyuma ya mlango anakimbia, na paka akikimbia anamwita mwenzake amfukuze. Uadui ulikuwa umeshahama kutoka kwa shume ukawa wao kwa wao. Tukawatenganisha kabisa: Doa chumba cha wageni, Karafuu sehemu iliyobaki, kila mmoja na maji yake, sahani yake, beseni lake la mchanga. Tulianza na pua. Nilichana kanga kuukuu vipande viwili, kimoja nikamfuta nacho Doa mashavuni, ambako paka ana tezi za harufu, kingine Karafuu, kisha nikavibadilisha na kuviweka karibu na vyakula vyao. Mara ya kwanza Doa alikinusa kile kipande, akafoka, akaacha dagaa wake. Nikakisogeza hadi ukutani, akala. Kila mlo nikakivuta karibu kidogo, hadi akawa anakula huku amekikanyaga.

Baada ya hapo milo ikahamia mlangoni, mlango ukiwa umefungwa, mmoja huku na mwingine kule. Niliwapa kile wanachokipenda kuliko vyote, samaki wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwao. Samaki huyo walimpata mlangoni tu. Mwenzake akinuka upande wa pili, samaki anakuja. Mara moja kwa siku niliwabadilisha vyumba bila kuwakutanisha, Karafuu akalale juu ya harufu ya Doa, na Doa azunguke nyumba nzima.

Fundi seremala alinitengenezea fremu ya mbao yenye waya wa kuku inayokaa mlangoni. Juu yake nilitundika kanga, na kila siku iliyokwenda vizuri niliipandisha shubiri moja. Mwanzo walionana miguu tu. Nilikuwa nakaa chini kando yao nikitazama Doa, si samaki. Paka hakurupuki bila kutangaza. Ncha ya mkia inaanza kupiga sakafu, ngozi ya mgongoni inatetemeka kama imeguswa na inzi, masikio yanageukia pembeni, macho yanaganda kwa mwenzake bila kupepesa. Nikiona mojawapo nilikuwa nashusha kanga bila neno. Akipepesa macho taratibu au akageuza uso kujilamba, najua leo tumesogea.

Jioni moja, kanga ikiwa imeshafika juu, mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni. Karafuu akakimbia, Doa akaurukia waya. Tulirudi nyuma hadi kanga iliyoshuka yote, tukaanza tena, na safari hii ilikwenda haraka kuliko ya kwanza. Majuma yalipita kabla sijaiondoa ile fremu, na hata nilipoiondoa niliwaacha pamoja wakati wa kula tu, nikiwa na kipande kikubwa cha boksi mkononi cha kuwakinga, kisha kila mmoja kwake. Muda ukarefuka wenyewe. Siku niliyomkuta Karafuu amelala chali sakafuni Doa akimpita karibu, nilimpigia shangazi simu kumweleza, naye akafurahi kweli. Sasa wanalala kochi moja, kila mtu upande wake. Kulambana masikio hakujarudi kama zamani, nami siwalazimishi.

Hivi karibuni yule jirani wa samaki alinijia na paka wake aliyeanza kumparua kila akimgusa kichwa. Alitaka nimwazime fremu ya waya. Nilimwambia amwite daktari kwanza, kwa kuwa paka wake anaishi peke yake na hasira zake zinakuja akiguswa mahali pamoja. Jino la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Liling'olewa, na kabla wiki haijaisha paka alikuwa anamsugulia jirani kichwa mwenyewe.