Land Cruiser iliyozama mtoni: usipige stata kwanza

Gari likishavutwa kutoka mtoni, maji yakiwa bado yanachuruzika milangoni, kila aliyesimama ukingoni hutoa ushauri uleule: "Hebu piga stata kidogo tuone." Kataa. Chomoa ufunguo, fungua betri ukianza na hasi, ndipo mjadiliane.

Chukua Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ile dizeli isiyo na turbo iliyojaa mbugani na vijijini kwetu. Ina silinda 6 zenye jumla ya ujazo wa sisi (cc) 4,164, yaani karibu sisi 694 kila moja. Mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 32. Hivyo ni vijiko viwili vikubwa vya chakula. Hewa inabanika humo, maji hayabaniki. Vijiko viwili vya maji vikikaa juu ya pistoni, kitakachopinda ni koneti rodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Na rodi iliyopinda kidogo inaweza kuwaka na kutembea wiki kadhaa ikigonga kwa mbali, halafu ikakatika na kutoboa bloku mkiwa mbali na fundi yeyote.

Anzia kwenye eya klina. Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu, peke yake si kinga: kiungio chake na boksi la eya klina mara nyingi kimelegea, na kile kipira cha kutolea vumbi chini ya boksi nacho hupitisha maji. Elementi ikiwa kavu, umepona sehemu kubwa. Ikiwa imelowa, itupe, usiianike. Fungua mpira unaokwenda kwenye manifodi, njia ya hewa kuingia silinda, upapase ndani kwa vidole. Ukigusa maji au mchanga, chukulia kwamba silinda nazo zimeingiwa.

Sasa oili. Gari likilala usiku mzima mahali tambarare, maji hushuka chini kabisa ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, kwa sababu ni mazito kuliko oili. Legeza nati ya kutolea polepole, bila kuitoa: yakianza kutoka maji matupu kisha oili, ujue yameingia. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa maana yake imeshakorogwa na injini inayozunguka. Mwaga yote, badilisha chujio, jaza oili ya bei nafuu, lita 9 na ushee. Hiyo ni ya kusafishia tu.

Chomoa plagi za kupashia joto zote 6. Kwenye pampu ya dizeli vua waya wa solenoidi, swichi ya umeme ya kukata mafuta, ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Zungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye bolti ya puli ya kranki, mizunguko miwili kamili. Ikigoma mahali, usilazimishe. Ikizunguka bure, rudisha betri, mtu apige stata sekunde chache chache huku wengine wamekaa kando, maana maji yatachomoka kwenye matundu kwa nguvu. Yakiisha, pima mgandamizo wa kila silinda. Moja ikiwa chini waziwazi kuliko wenzake, fungua silinda hedi, usijifariji.

Kabla ya kuwasha, malizia upande wa dizeli. Pampu ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo maji yakipita humo yanakwangua chuma kwa chuma, na kuikarabati ni ghali. Toa nati ya chini ya tangi, achia mpaka itoke dizeli safi, weka chujio jipya, kisha piga pampu ya mkono. Injini ikiwaka, iache sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, dakika 10, mwaga oili ile, weka nyingine na chujio kingine. Oili bado ina rangi ya chai ya maziwa? Rudia.

Difu, zile gia za katikati ya ekseli, ndizo husahaulika. Difu iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia briza (tundu la kupumulia) au oili sili, hata kama gari limevuka salama bila kuzima. Legeza kwanza nati ya kujazia, ndipo ya kutolea. Ukikosea mpangilio na ya juu ikagoma, umebaki na difu tupu porini. Kila difu inachukua karibu lita 3 za oili ya gia ya daraja la GL-5. Jaza mpaka oili itiririke kwenye tundu. Gia boksi na transfa kesi, ile inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, zikaguliwe vivyo hivyo.

Mbele, fungua plagi ndogo juu ya nako, kiungo kinachogeuza gurudumu. Grisi nyeusi ya molibdeni ikiwa imegeuka supu ya kijivu, nako ishushwe yote. Beringi za magurudumu zinahitaji boksi spana ya milimita 54: zioshe, zikaushe, zitazame juani. Kidoa kimoja cha kutu kwenye rola kinatosha kuzitupa. Sili mpya lazima.

Maji ya chumvi, kama kule kwenye mikoko, hayasubiri kesho. Osha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, pamoja na soketi za nyaya, stata na alteneta. Kama gari litakaa siku kadhaa, kandamiza pedali ya klachi kwa kipande cha mbao kilichoegemezwa kwenye siti, sahani isigandane na flaiwili kwa kutu.

Baada ya kilomita 500 fungua tena difu na uchovye kidole. Oili ikiwa na wingu, mwaga, kisha uvute mipira ya briza mpaka juu chini ya boneti kabla ya kuvuka tena.